Bahari Imechafuka, Ubao Ni wa Mti: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinagusa mambo matatu kwa pamoja: alfajiri, bahari iliyochafuka, na ubao wa mti wa kutelezea juu ya mawimbi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu walioiandika wako karibu kukata tamaa, nami sitaki waache.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Tuko watatu. Tumejitengenezea mbao nyembamba za mpaulonia, zisizo na pezi chini, kwa umbo la alaia, ubao wa kale wa Hawaii. Maji yakiwa tulivu tunaelewana nazo vizuri. Lakini juzi tuliingia alfajiri, bahari imechafuka, upepo unatoka ubavuni, na mawimbi ya kufika kifuani hadi kichwani yanakuja bila mpangilio. Tulipiga mikono majini mpaka mabega yakafa ganzi. Tulipofika nje, ng'ambo ya yanapovunja mawimbi, hatukupata hata wimbi moja la maana, na mwenzetu aligongwa mbavuni na ubao wake mwenyewe. Je, mbao hizi ni za bahari tulivu tu? Hali ikiwa mbaya turudi kwenye mbao za sponji?
Watatu wa Alfajiri

JIBU

Marahaba, wanangu. Kwanza mpeni mwenzenu pole. Kama bado anachomwa akivuta pumzi ndefu, aende akaangaliwe na daktari kabla ya kurudi majini.

Swali lenu nalijibu waziwazi: hapana, msirudi. Mwaka 1779, Luteni James King, aliyekuwa kwenye safari ya Kapteni Cook, aliwatazama watu wa ghuba ya Kealakekua, Hawaii, wakiingia baharini na mbao zao. Aliandika kwamba walikuwa wakichagua hasa wakati ambapo mawimbi yamefikia upeo wa ukali, na kwamba kila wimbi walilokutana nalo wakienda nje walipiga mbizi chini yake na kuibukia ng'ambo. Mbao zile hazikuwa na pezi wala kamba ya mguuni. Bahari mbaya na ubao wa mti wamejuana zamani. Kilichowachosha ninyi ni kuupeleka ubao wa mti kwa mazoea ya ubao wa sponji.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza habari ya mabega yenu. Ubao ninaoutumia zaidi una urefu wa mita 2.1, upana wa sentimita 43 na unene wa milimita 18. Ukiondoa mviringo wa mbele na kingo zilizopigwa randa, ujazo wake ni kama lita 14. Mpaulonia mkavu una uzito wa karibu gramu 280 kwa kila lita, kwa hiyo ubao wenyewe ni kilo 4 hivi. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Ukitoa uzito wa ubao kwenye uzito wa maji unaoyasukuma, nguvu ya kuelea inayobaki ni kilo 10 tu. Ubao mfupi wa sponji wenye lita 28 na uzito wa kilo 3 unakupa zaidi ya kilo 25. Ndiyo maana mkilalia ubao wa mti maji yanafika kifuani na kidevu kinakaribia kulowa. Mikono inakokota mwili uliozama nusu. Hakuna mazoezi ya mabega yatakayobadili jambo hilo, na anayetaka kushindana na bahari mbaya kwa mikono peke yake atakuwa ameishiwa kabla ya wimbi la kwanza.

Lakini uchache huohuo wa kuelea ndio unaowafungulia njia ya kutoka. Ubao wa sponji ukikutana na ukuta wa povu unakataa kuzama. Inabidi uukandamize kwa uzito wako wote, na mara nyingi bado unakurudisha ufukweni nao. Ubao mwembamba wa mti unazama kwa kuusukuma kidogo. Povu likiwa limebakiza kama mita mbili kukufikia, shika kingo karibu na mabega, sukuma sehemu ya mbele chini, kisha goti moja likandamize sehemu ya nyuma, na mwili wote ufuate mpaka karibu na mchanga. Huko chini utasikia mvumo mzito ukipita juu ya kichwa, na ubao utatetemeka mikononi kama waya uliopigwa. Mtetemo ukikatika, hesabu moja, ndipo uielekeze sehemu ya mbele juu. Wengi huinuka mtetemo ukiwa bado upo, wanaingia kwenye mkia wa povu lenyewe, na mita kumi walizozipata zinapotea.

Na kina kikiwa cha kiunoni, msilale kabisa. Tembeeni. Nimewaona watu wenye nguvu wakijichosha kwa kupiga mikono mahali ambapo mguu unafika chini. Ubao ukae ubavuni, sehemu ya mbele ikielekea wimbi, kamwe usiwe umekatisha mbele ya tumbo. Ubao uliokatisha ukipigwa na povu unageuka kuwa mwamba unaokujia.

Njia ya kwenda nje itafuteni mkiwa bado wakavu. Maji yote yanayoletwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi baharini, na hurudi kwa mkondo, mara nyingi kwenye mfereji ambapo kina ni kirefu kidogo kuliko pembeni. Mtauona kwa sababu hapo mawimbi hayavunji vizuri, rangi ya maji imekolea, na vipande vya povu na mchanga vinaelekea nje badala ya ndani. Kwa mtu mwenye ubao na anayejua anachofanya, mkondo huo unambeba hadi nje bila jasho. Kwa mtu aliyepoteza ubao ndio unaoua. Ukikupeleka usikotaka, usigeuke kupambana nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, kisha rudi na povu.

Sasa nije kwenye lile la kukosa mawimbi. Mlisema mlifika nje. Huko nje ndiko kulikowanyima. Ubao wa sponji unaweza kulidaka wimbi likiwa bado mteremko mpole, kwa sababu unaelea juu na mikono inaupa kasi mapema. Wenu hauwezi. Wenu unahitaji wimbi lililosimama, lenye mwinuko mkali, likuteremshe lenyewe. Kanuni ya kawaida ni kwamba wimbi huvunja kina cha maji kikiwa kama mara 1.3 ya urefu wake. Wimbi la mita 1.2 litavunja penye kina cha mita moja na nusu hivi. Hapo miguu ya mtu mzima inafika chini. Basi nendeni mkae hapohapo linapoanza kupinda, hatua chache tu ndani ya mahali wanapokaa wengine. Likija, jisukume kwa miguu kutoka mchangani, piga mikono mara mbili au tatu kwa nguvu, na miguu ipige maji kwa kasi kama ya mwogeleaji anayemaliza mbio. Mimi bahari ikiwa mbaya huvaa mapezi ya miguuni, yale mafupi, na sioni aibu yoyote.

Halafu laleni. Ninajua mnataka kusimama. Bahari ikiwa imevurugika, ubao usio na pezi unashikiliwa na kitu kimoja tu, ukingo wake wa upande wa wimbi, na ukingo huo ni lazima uzame kwenye uso wa maji na ubaki humo. Upepo wa ubavuni unajaza uso wa wimbi vijiwimbi. Kila kijiwimbi kinaunyanyua ukingo kwa nukta ya sekunde, na ukishanyanyuka, nyuma ya ubao inateleza upande na unajikuta unatazama ufukwe ulikotoka. Ukiwa umelala, kifua kinakuwa juu ya ukingo huo moja kwa moja. Kiwiko cha ndani kinaingia majini na kufanya kazi ya pezi. Unausikia ubao kwa mbavu kabla macho hayajaona chochote, na unaweza kuhamisha uzito kwa kuegemea bega tu. Watu wa Hawaii walikuwa na mbao fupi mahsusi za kulalia, paipo, na wakubwa kwa wadogo walizitumia; kulala ni nusu nzima ya mchezo huu.

Mwelekeo uamuliwe mapema. Msishuke moja kwa moja hadi chini ya wimbi ndipo mgeuke, kama mnavyofanya na pezi. Tangu mpigo wa kwanza wa mikono ubao uwe umeshaelekea pembeni, upande lile wimbi linakofungukia, yaani ambako bado halijavunja. Uzito uje mbele kuliko mlivyozoea, mpaka mwone maji yanapita juu ya ncha. Mkisikia ubao umeacha kugonga na umeanza kuvuma kwa sauti moja, basi ukingo umeshika. Kwa hapo sina ushauri zaidi ya kuwaambia msiguse kitu.

Jambo moja linalowapa mbao za mti heshima kwenye maji ya namna hii ni kwamba zinakaa chini. Upepo mkali hauzinyakui kama unavyonyakua ubao mwepesi wenye ncha iliyoinuka, na zikishapata kasi hupasua vijiwimbi badala ya kurukaruka juu yake. Asubuhi ya upepo mkali nimewahi kukaa katikati ya watu wenye mbao za kisasa waliokuwa wakipeperushwa nyuma kila walipotaka kushuka, huku mimi nikiwa nimelala na maji kidevuni, sioni upepo kabisa. Niliteremka wimbi baada ya wimbi. Furaha ya asubuhi ile bado ninayo.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana mnaiamini alfajiri kupita kiasi. Ni kweli, usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, hewa yake huwa nzito na kutiririka kuelekea majini, na upepo huo unaolipiga wimbi usoni hulinyoosha na kulichelewesha kuvunja. Jua likipanda nchi hupata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka baharini, na maji hukwaruzika. Mpango huo unashika siku ambazo hakuna upepo mkubwa zaidi unaotawala. Kama tangu jana kuna upepo wa ubavuni ulioletwa na hali ya hewa ya eneo zima, alfajiri itawapa upepo uleule pamoja na giza.

Kwa hiyo fikeni mapema, lakini mkae ufukweni kwanza. Chagueni kitu kisichosogea, mwamba au boya, mhesabu sekunde kati ya kilele na kilele kwa mawimbi kumi mfululizo, kisha mgawanye. Mkipata sekunde 8, hayo ni mawimbi ya upepo wa karibu. Kwenye maji marefu kilele na kilele vinaachana kama mita 100, na kila dakika moja mawimbi saba au nane yatawapitia kichwani. Mkipata sekunde 14, yametoka mbali, yanaachana kama mita 300, na yakikanyaga maji mafupi huinuka kuliko mlivyotarajia. Ya sekunde 8 msiyahangaikie nje. Bakini ndani, mchukue yale yanayovunja, yanakufa, kisha yanajiunda upya karibu na ufukwe. Ya sekunde 14 huja kwa makundi na huacha nafasi ya utulivu katikati. Subirini kundi lipite, mtoke upesi, na mkiona kundi moja limevunja mahali ambapo hamkudhani linaweza kufika, siku hiyo kaeni mkitazama. Kutazama makundi mawili au matatu yote hadi mwisho kunaweza kuchukua nusu saa. Nusu saa hiyo itawaokoa muda mrefu zaidi wa kupigwa.

Msiingie kabla hamjaona wazi mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Kundi la mawimbi huonekana hapo kwanza, kama mstari mweusi unaonenepa. Na ubao wa mti uliolowa, uliozama nusu, una rangi ileile ya maji ya alfajiri. Mtu anayeshuka wimbi hakuoni. Vaa kofia ya rangi kali.

Kuhusu mbavu za mwenzenu. Ubao wa milimita 18 wenye kingo kali, ukitupwa na wimbi, ni silaha. Kanuni ni mbili. Ubao usiwe kati yako na wimbi, hata kwa sekunde moja. Na ukianguka, angukia nyuma ya wimbi au upande wa wimbi, uwe umejilaza bapa kwa kuwa maji ni mafupi, halafu uibuke mikono ikiwa imefunika kichwa. Mimi huushikilia ubao mpaka dakika ya mwisho, kwa mkono mmoja, kwenye ukingo wa mbele. Nikiona hauzuiliki naurusha pembeni. Palipo na waogeleaji karibu siingii na ubao usio na kamba, wala ninyi msiingie. Kama mnafunga kamba, tundu lake litobolewe mbali na mwisho wa ubao na lizibwe vizuri ndani kwa epoksi, la sivyo ufa utaanzia hapo. Barua inayofuata ni ya ufa hasa.

SWALI

Mwalimu, salaam. Ubao wangu wa mti umepata ufa nyuma, urefu wa kama kidole, baada ya kuutumia kwenye mawimbi makali kisha kuuacha juani. Pia umepinda kidogo kwa upana, kingo zimeinuka. Niliupaka mafuta ya kitani mara moja tu kabla ya kuutumia. Nimeuharibu?
Fundi Mwanafunzi

JIBU

Hujauharibu. Mti hunywa maji kwa kasi kupitia miisho yake, pale nyuzi zilipokatwa, kuliko kupitia ubavuni. Sehemu ya nyuma ya ubao wako ilikunywa, ikavimba, kisha jua likaikausha upesi huku katikati kukiwa bado kumelowa. Nyuzi zikaachana. Kupinda nako kuna sababu hiyohiyo: upande uliotazama jua ulikauka na kusinyaa kwanza, ukazivuta kingo kuelekea kwake. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uuweke kivulini ukiwa umeegemezwa ili hewa ipite pande zote mbili, na uugeuze kila siku. Mara nyingi mpindo wa aina hiyo hupungua wenyewe.

Ufa usiuguse mpaka ubao ukauke kabisa, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Kisha toboa kitundu kidogo cha duara pale hasa ufa unapoishia. Ufa hupenda kuendelea kwa sababu ncha yake ni kali, na kitundu kinaiondoa ncha hiyo. Ingiza epoksi nyembamba kwa kisu chembamba, upande huu na ule, hadi ijae, kisha ubane kwa jiliwa bila kukaza mno, maana ukikaza sana unaikamua gundi yote. Ikishika, kata kwa patasi nafasi yenye umbo la kipepeo ikikatisha ufa, uchonge kipande cha mti wa aina ileile, nyuzi zake zikikatisha nyuzi za ubao, ukigundishe humo. Piga msasa mpaka kidole kisihisi mahali viwili vilipokutana. Mbao zangu zilizorekebishwa hivyo zimeingia kwenye bahari mbaya kuliko hiyo yako na kipepeo bado kinashika.

Mafuta mara moja hayatoshi. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, paka kidogo kidogo, futa yote yasiyozama, acha yakauke, rudia mpaka mti ukatae kunywa. Miisho yote miwili ipate zaidi, au izibwe kwa epoksi nyembamba. Na hili ninakuomba ulichukulie kwa uzito: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hupata joto yenyewe yanapokauka, na yakikunjwa pamoja yanaweza kuwaka moto bila mtu kuyagusa. Yatandaze moja moja nje, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Utunzaji huu ni wa kale. Mmisionari mmoja aliyezunguka kisiwa cha Hawaii mwaka 1823 alieleza kwamba mtu akimaliza kutumia ubao wake aliukausha kabisa, akausugua mafuta ya nazi, na mara nyingi akaufunga kwa kitambaa na kuutundika ndani ya nyumba anamoishi. Mbao zile zilitoka kwenye miti ya koa, wiliwili na mshelisheli. Watu waliokuwa wakiingia kwenye mawimbi makubwa kiasi kile waliutunza ubao kama mmoja wa watu wa nyumbani, nami sioni kwa nini wewe ufanye pungufu.

SWALI

Nina ubao mrefu wa mti wenye uwazi ndani. Baada ya kupigwa na mawimbi asubuhi nzima nasikia maji yanachezacheza tumboni mwake. Pia una kizibo kidogo cha shaba juu, sijui ni cha nini. Nilirithishwa na mjomba, hakunieleza.
Mpwa Mrithi

JIBU

Mjomba wako alikuachia kitu kizuri. Ubao wako una mkuku katikati na mataruma kila baada ya kipande, kama jahazi, juu yake zikagundishwa mbao nyembamba. Aliyeieneza njia ya mbao zenye uwazi ni Mmarekani Tom Blake, aliyezisoma mbao ndefu za kale za Hawaii kwenye jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, na kupata hataza ya ubao wake mwaka 1932. Mbao nzima za mti wa sekwoia za wakati huo ziliweza kuzidi kilo 45, na mtu alichoka kuzibeba hadi majini. Mwaka 1935 huyohuyo Blake aliweka pezi chini ya ubao, jambo lililobadilisha mchezo wote.

Kizibo ni cha hewa na cha maji pia. Hewa iliyo ndani hutanuka kwa joto. Ubao uliofungwa ukilala juani, hewa husukuma viungo kwa nje mpaka gundi iachie. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa husinyaa na kunyonya maji kupitia ufa wowote uliopo. Basi ukitoka baharini, fungua. Ukiwa ndani ya gari au juani, kiwe wazi. Kabla ya kuingia, funga, na ukaguzi huo uufanye kwa vidole hata kama macho yameona, kwa sababu alfajiri macho yanadanganya.

Maji yaliyomo yamwage kwa kuuinamisha ubao kizibo kikiwa chini kabisa, uuache hivyo usiku kucha. Kisha utafute yalikoingilia: kaza kizibo, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, uuweke ubao mahali penye joto kidogo. Mapovu yatakuonyesha. Mara nyingi ni pembezoni mwa pezi au kwenye kizibo chenyewe, ambacho mpira wake umekauka. Usiingie nao kwenye mawimbi makali kabla hujaziba. Lita kumi za maji ndani ni kilo kumi zinazokimbilia mbele kila unaposhuka, na ubao utachoma ncha mchangani wewe ukiwa juu yake.

SWALI

Mwanangu ana miaka 12. Ameona watu wazima wakiteleza na mbao za mti alfajiri, naye anataka. Nimruhusu?
Mama wa Mmoja

JIBU

Mruhusu, kwa ubao mwingine na saa nyingine. Mtengenezee au mtafutie ubao wa kulalia tumboni, wa plaiwudi ya kustahimili maji, urefu wa kama sentimita 110 hadi 120, upana wa 30, ncha ya mbele ikiwa imekunjwa juu kwa mvuke ili isichome maji. Kingo zipigwe msasa mpaka ziwe za mviringo. Aingie jua likiwa limeshatoka, maji yakiwa kiunoni mwake, na mtu mzima anayejua kuogelea asimame upande wa bahari, asikae ufukweni akimtazama.

Mfundishe kungoja povu. Anasimama mgongo ukielekea wimbi, ubao ameuegemeza tumboni, anageuza shingo kulitazama. Povu likifika nyuma yake anaruka mbele pamoja nalo, mikono imenyooka, kidevu juu. Siku bahari imechafuka kama zile walizozieleza Watatu wa Alfajiri, mkae naye ufukweni mhesabu sekunde kati ya kilele na kilele, akuonyeshe kwa kidole ulipo mkondo unaorudi baharini. Akiweza kukuonyesha bila kukosea kila mnapokwenda, niandikie tena, tuzungumze kuhusu alfajiri.